Kunasa zebaki ya moshi wa viwandani kwa oksidi za metali: kutengeneza kifyonzi, kukipima na kukisafisha kitumike tena

Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi. Ndani ya tanuri la makaa ya mawe, la saruji au la kuyeyushia madini, joto hupita kiwango hicho mara kadhaa, kwa hiyo karibu zebaki yote iliyokuwa kwenye malighafi hugeuka mvuke na kuondoka na moshi. Njiani moshi unapopoa, zebaki hiyo hujigawa sehemu tatu. Iliyoshikana na vumbi hubaki kwenye kichujio. Iliyooksidishwa, ambayo kwa kawaida ni kloridi ya zebaki, huyeyuka majini na kunaswa kwenye mnara wa kuoshea gesi. Inayosumbua ni zebaki tupu, Hg0: haiyeyuki majini, haishikani na vumbi, inapita vifaa vyote hivyo na kutoka juu ya dohani.

Dawa iliyozoeleka ni kupuliza unga wa kaboni amilishi ndani ya moshi. Unafanya kazi, ila ni wa safari moja. Huishia ndani ya majivu pamoja na zebaki yake, na majivu yenye kaboni nyingi huharibika kwa kazi ya zege kwa sababu kaboni hunyonya dawa ya kutia viputo vya hewa. Oksidi za metali, kama za manganizi, seriamu, shaba, kobalti na chuma, zikitumika kama kifyonzi (kitu kinachonasa zebaki), zina njia nyingine. Hazishiki zebaki tu, huioksidisha. Atomi ya zebaki hutua juu ya uso, huchukua oksijeni iliyo ndani ya fuwele ya oksidi na kuwa oksidi ya zebaki, HgO, kisha oksijeni ya moshi huziba pengo lililoachwa. Ukipasha moto baadaye, HgO huvunjika, zebaki hutoka, na kifyonzi hurudi kazini.

Hayo ndiyo maelezo ya karatasini. Kiwandani, kifyonzi hakichoshwi na zebaki, huchoshwa na salfa iliyo kwenye moshi, yaani dioksidi ya salfa. Kila hatua hapa chini imepangwa kwa kulijali hilo.

Hesabu ya kwanza, kabla ya kununua chochote

Tuchukue boila inayotoa mita za ujazo 10,000 za moshi kwa saa (zikihesabiwa kwa nyuzi 0 na kanieneo ya kawaida), zebaki ikiwa mikrogramu 20 kwa kila mita ya ujazo. Hiyo ni gramu 0.2 kwa saa, gramu 4.8 kwa siku. Kidogo sana. Kifyonzi chenye uwezo halisi wa miligramu 0.5 kwa gramu kingehitaji chini ya kilo 10 kwa siku.

Lakini uwezo siyo unaoamua ukubwa wa mnara unaojazwa punje za kifyonzi ili moshi upite kati yake. Muda wa gesi kugusana na punje ndio unaoamua. Kwa punje za kawaida, usipitishe zaidi ya ujazo 5,000 hadi 10,000 wa gesi kwa saa kwa kila ujazo mmoja wa punje. Tukichagua 5,000, tunahitaji mita za ujazo 2 za punje, yaani kama kilo 1,400 kwa alumina (oksidi ya alumini yenye vinyweleo, inayobeba oksidi ya manganizi) yenye uzito wa kilo 0.7 kwa lita. Kwa nyuzi 140 moshi ule huvimba hadi mita za ujazo 4.2 kwa sekunde, na ukitaka kasi ya nusu mita kwa sekunde, eneo la mnara ni kama mita za mraba 8.4 na kina cha punje ni sentimita 24. Kina hicho ni chembamba, hivyo sawazisha juu kwa uangalifu. Bonde dogo tu litakuwa mlango wa gesi, nayo itapita hapo bila kuguswa.

Kilo 1,400 zinabeba gramu 700 za zebaki: siku 146 za kazi. Inapendeza, mpaka uhesabu salfa. Hata moshi uliokwisha kuoshwa ukabaki na sehemu 50 tu za dioksidi ya salfa kwa milioni, katika siku hizo 146 tani 5 za gesi hiyo zitapita juu ya punje zako, kama moli 78,000. Kifyonzi chenye asilimia 10 ya oksidi ya manganizi kina moli 1,600 hivi za manganizi. Ikitokea asilimia 2 tu ya salfa ile ikashika, manganizi yote imekwisha kuwa salfeti. Moshi usiooshwa, wenye sehemu 500 kwa milioni, una molekuli kama 450,000 za dioksidi ya salfa kwa kila atomi moja ya zebaki ikiwa zebaki ni mikrogramu 10. Ushindani wa namna hiyo haushindwi kwa kuongeza manganizi.

Mahali pa kuweka mnara

Baada ya kinasa vumbi, kabla ya mnara wa kuoshea, moshi una nyuzi 120 hadi 150. Joto hilo ni zuri kwa manganizi, ambayo hufanya kazi vyema kati ya 100 na 200, lakini salfa yote bado imo. Baada ya kuoshewa, salfa imepungua sana, ila gesi imeshuka hadi nyuzi 50 hivi na imejaa mvuke, na maji hugombania nafasi zilezile juu ya uso. Penye salfa nyingi, weka mnara baada ya kuosha na upashe gesi tena hadi 120 kwa kibadilisha joto kinachochota joto la moshi unaoingia. Ni gharama, lakini inalipwa na maisha ya kifyonzi. Penye salfa kidogo, kaa kabla ya kuosha. Faida yake ya pili ni kwamba zebaki itakayotoroka ikiwa imeoksidishwa itaangukia majini.

Usiweke kabla ya kinasa vumbi. Majivu huziba punje ndani ya siku chache.

Wapo wanaopendelea unga wenye sumaku, kwa mfano oksidi ya chuma na manganizi pamoja, unaopulizwa kama kaboni kisha ukatenganishwa na majivu kwa ngoma ya sumaku. Wazo zuri, lakini majivu ya makaa ya mawe yenyewe yana vitufe vya magnetiti, oksidi ya chuma yenye sumaku, vinavyovutwa na sumaku ileile. Kila mzunguko unarudi na majivu zaidi na kifyonzi pungufu. Ukiichagua njia hii, kwanza pitisha sumaku kwenye majivu yako matupu, upime ni asilimia ngapi inayoshikwa. Jibu hilo lisipokuwa dogo, rudi kwenye punje.

Kutengeneza gramu 100 za majaribio

Tunatumia oksidi ya manganizi juu ya gama-alumina, aina ya alumina yenye vinyweleo vingi, asilimia 10 kwa uzito. Ni rahisi, na makosa yake yanaonekana kwa macho.

Kausha punje za alumina kwa nyuzi 120 kwa saa 4. Chukua gramu 10, dondoshea maji kidogo kidogo huku ukizikoroga, hadi zianze kushikamana. Ujazo wa maji yaliyoingia ndio nafasi ya vinyweleo. Tuseme ni mililita 6, basi kila gramu inabeba mililita 0.6, na gramu 90 zitabeba mililita 54.

Pima gramu 41 za myeyusho wa nitreti ya manganizi wa asilimia 50, ambao ni kama mililita 27. Ongeza maji yaliyotoneshwa hadi jumla iwe mililita 54. Dondoshea juu ya gramu 90 za punje kavu huku ukigeuzageuza, mpaka zote ziwe na rangi moja. Kusiwe na maji yanayotuama chini ya bakuli. Yakituama, ulipima vinyweleo vibaya, na manganizi itaganda kama ukoko nje ya punje badala ya kuingia ndani.

Funika kwa saa 2, kisha kausha kwa nyuzi 110 usiku kucha. Geuza punje mara kadhaa katika saa za mwanzo, maana maji yanapokimbilia nje huvuta chumvi pamoja nayo.

Sasa choma kwenye tanuri lenye hewa inayopita. Panda nyuzi 2 kwa dakika hadi 400, kaa hapo saa 4. Nitreti itavunjika na kutoa moshi wa kahawia wa dioksidi ya nitrojeni, ambao ni sumu kwa mapafu. Kazi hii ifanyike chini ya kifuniko cha kuvuta hewa, si kwenye tanuri la wazi chumbani. Usivuke 500: oksidi ya manganizi hupoteza oksijeni na kugeuka Mn2O3, rangi nyeusi inaelekea kahawia, na ile oksijeni uliyoitegemea imekwenda. Mwishoni pima uzito. Ukipata karibu gramu 100, nitreti yote imevunjika. Ukipata 105, rudisha tanurini.

Kwa moshi wenye salfa, punguza alumina hadi gramu 85 na maji yote hadi mililita 51, kisha yeyusha gramu 12.6 za nitreti ya seriamu yenye maji 6 ya fuwele ndani ya myeyusho huohuo. Hiyo inakupa gramu 5 za oksidi ya seriamu. Seriamu hujitoa mhanga: hushikwa na salfa mapema na kuiacha manganizi ikipumua. Haiponyi tatizo, inachelewesha. Ucheleweshaji huo una thamani kubwa pale salfa ilipo ndogo, na thamani ndogo pale ilipo nyingi.

Kupima bila kujidanganya

Hapa ndipo matokeo mengi mazuri huzaliwa, na mengi hayastahili sifa.

Tumia mabomba ya kioo, kwatsi na PTFE (plastiki ya teflon). Mpira na shaba nyeupe hunywa zebaki, kisha huitapika siku nyingine. Pasha mabomba yote nyuzi 120 tangu chanzo cha zebaki hadi kwenye kipimo. Chanzo chenyewe kiwe kimrija cha kupenyeza zebaki kilichozamishwa kwenye maji yenye joto lisilobadilika, nitrojeni ikipita juu yake. Pitisha gesi pembeni ya kifyonzi mpaka kipimo kitulie nusu saa, halafu pitisha kwenye mrija wenye mchanga wa kwatsi peke yake. Zebaki ikipungua zaidi ya asilimia 3 hapo, mabomba yako ndiyo yanayofyonza. Yasafishe kwanza.

Kisha weka gramu 0.1 za kifyonzi, zilizosagwa na kuchekechwa, ukizichanganya na gramu 1 ya mchanga ili gesi isipate njia ya mkato. Joto liwe nyuzi 140. Gesi iwe kama moshi wenyewe: oksijeni asilimia 6, hewa ya ukaa 12, mvuke wa maji 8, na dioksidi ya salfa kwa kiwango cha kiwanda chako. Jaribio la nitrojeni na oksijeni pekee linafaa kuelewa kemia, halitoi ahadi yoyote kwa dohani.

Sasa angalia hesabu hii. Lita 1 kwa dakika yenye mikrogramu 60 kwa mita ya ujazo hubeba mikrogramu 3.6 za zebaki kwa saa. Baada ya jaribio la saa 2, gramu 0.1 imepokea mikrogramu 7.2, yaani miligramu 0.07 kwa gramu. Kifyonzi chenye uwezo wa miligramu 1 kwa gramu kingehitaji saa 28 kujaa. Kwa hiyo "asilimia 98 baada ya saa 2" inasema kwamba kifyonzi kipya kinashika zebaki. Haisemi kitashika kiasi gani, na kuhusu kukitumia tena haisemi neno. Endelea hadi zebaki inayotoka ifike nusu ya inayoingia, hata kama ni siku mbili.

Mtego mwingine ni kipimo chenyewe. Kipimo cha mwanga wa nanomita 253.7 huona zebaki tupu tu. Kukiwa na hidrojeni kloridi kwenye gesi, oksidi huitumia kuamsha klorini na kutengeneza kloridi ya zebaki, ambayo baadhi yake huondoka kwenye kifyonzi. Kipimo kinaonyesha sifuri, nawe unadhani umenasa kumbe umebadilisha tu. Pitisha gesi inayotoka kwenye myeyusho wa kloridi ya stani (bati), ambao huirudisha zebaki yote kuwa tupu, na usome tena. Tofauti ya masomo mawili ndiyo iliyotoroka. Dioksidi ya salfa nayo hufyonza mwanga wa urefu huohuo na kuongeza namba, hivyo iondoe kwa myeyusho wa sodiamu haidroksidi kabla gesi haijafika kwenye kipimo.

Kusafisha kifyonzi

Pasha kwa hewa, si kwa nitrojeni. Nitrojeni huitoa zebaki vizuri, lakini huacha fuwele ikiwa na mapengo ya oksijeni, na mzunguko unaofuata huanza ukiwa dhaifu. Panda nyuzi 5 hadi 10 kwa dakika kwenye maabara, hadi 420, ukae saa 1 au 2. Sehemu kubwa ya zebaki hutoka kati ya 300 na 450. Wakati unapanda, tazama kipimo: kikionyesha kilele kingine zaidi ya 500, zebaki imekuwa salfeti ya zebaki, na hiyo haitatoka bila kuiharibu oksidi ya manganizi. Ukikiona kilele hicho, tatizo liko kwenye salfa ya moshi, siyo kwenye tanuri lako.

Kwenye mnara wa kilo 1,400, kupanda kutoka 140 hadi 420 kunakula kama megajuli 400, yaani kWh 110 bila kuhesabu joto linalopotea. Usilipeleke joto hilo kwa hewa inayopita mara moja na kutoka. Hewa izunguke kwa feni kupitia hita na kurudi mnarani, na sehemu ndogo tu ichomolewe kwenda kwenye kipozeo huku hewa safi ikijaza nafasi yake. Ukichomoa jumla ya mita za ujazo 300 zikiwa na gramu 700 za zebaki, wastani ni gramu 2.3 kwa mita ya ujazo. Gesi nzito hivi huanza kudondosha zebaki ikishuka karibu na nyuzi 100, hivyo bomba la kwenda kwenye kipozeo lisiwe chini ya 250 mahali popote. Flenji moja (kiungo cha mabomba) isiyofunikwa inatosha kukusanya tone, na tone hilo litaendelea kutoa mvuke wiki nzima.

Kipozeo kikishusha gesi hadi nyuzi 20, bado itabaki na miligramu 14 za zebaki kwa mita ya ujazo, kwa sababu huo ndio mvuke unaoshiba katika joto hilo. Kwa nyuzi 0 inabaki miligramu 2.2. Kiwango cha kazini Ulaya ni miligramu 0.02 kwa saa 8. Kwa hiyo kipozeo peke yake hakitoshi hata kikipoa vipi. Baada yake weka chujio la kaboni iliyotiwa salfa, ndipo gesi irudishwe kwenye moshi unaoingia mnara wa pili, ule unaofanya kazi wakati huu ukisafishwa, siyo hewani.

Kipozeo kiwe cha chuma cha pua. Alumini hapana, zebaki huila. Kama moshi wenu una klorini, tarajia sindano nyeupe za kloridi ya zebaki kwenye kuta za kipozeo badala ya matone. Huziba njia. Acha mlango wa kuzioshea kwa maji, na maji hayo yakusanywe kama taka ya zebaki.

Baada ya kusafisha, linganisha zebaki iliyoingia na iliyotoka. Kati ya asilimia 90 na 110 unaweza kuiamini hesabu yako. Chini ya hapo, zebaki imo ndani ya kifyonzi au imelala kwenye bomba fulani, na wenye kulifungua bomba hilo hawajui.

Wakati wa kukiri kwamba kimechoka

Kila mzunguko, chukua sampuli upime salfa iliyomo na uwezo wa kunasa. Salfa ikipanda kila mara na uwezo ukishuka sambamba, kupasha moto hakutasaidia: salfeti ya manganizi huhitaji zaidi ya nyuzi 700 kuvunjika, na ukifika huko vinyweleo vya alumina vitaanza kuporomoka. Kuosha kwa maji kunaiondoa salfeti, kweli, lakini inaondoka na manganizi yake. Utalazimika kutia manganizi upya kama ulivyofanya mwanzo. Uwezo ukishuka bila salfa kupanda, tafuta vumbi, au tanuri lililovuka 500.

Wanaoshughulikia punje zilizotumika wavae barakoa yenye chujio la zebaki, lenye mistari myekundu na myeupe. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Mapipa yafungwe muda wote, hata yale yanayodhaniwa ni matupu.

Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, unaorodhesha mitambo ya umeme na boila za makaa ya mawe, uyeyushaji wa baadhi ya madini, uchomaji taka na tanuri za saruji kuwa vyanzo vinavyopaswa kudhibitiwa, na una masharti yake pia juu ya taka zenye zebaki. Kwa hiyo kifyonzi kinachostaafu kisitupwe kikiwa kimeshiba. Kipashe mara ya mwisho, zebaki iende kwenye kipozeo, kisha loweka sampuli kwenye maji upime kinachotoka. Mara nyingi zebaki huwa kidogo na manganizi huwa nyingi, kwa sababu salfeti yake huyeyuka kwa urahisi, na hiyo ndiyo itakayoamua punje ziende kwenye dampo la aina gani.